Kupima ACE katika mapafu, moyo na mafuta ya mbuzi: mwongozo kwa maabara ndogo

Vitabu vya fiziolojia huanza na figo. Shinikizo la damu likishuka, figo humwaga renini, renini hukata angiotensinojeni iliyotengenezwa na ini, inapatikana angiotensini I. Halafu kimeng'enya cha kubadili angiotensini, kinachojulikana kwa kifupi kama ACE, huikata tena na kuifanya angiotensini II, inayobana mishipa. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayaishii kwenye damu. Sehemu kubwa ya ACE mwilini haielei kwenye damu hata kidogo. Imepachikwa kwenye utando wa seli, hasa zile zinazotandika ndani ya mishipa. Angiotensinojeni hutengenezwa pia na seli za mafuta na za ubongo. Mwaka 1990 Urata, Husain na wenzao walionyesha kwamba moyo wa binadamu una kaimasi, kimeng'enya kingine kinachotengeneza angiotensini II bila kupitia ACE. Kazi hii inayofanyika ndani ya tishu zenyewe, mbali na figo, ndiyo inayoitwa mfumo wa renini-angiotensini wa ndani ya tishu.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au fundi wa maabara aliye Kampala, Mbarara au Gulu mwenye spektrofotomita inayosoma mwanga wa urujuanimno, sentrifuji ndogo, beseni la maji ya nyuzi 37, na machinjio yasiyo mbali. Kwa vifaa hivyo ACE inapimika vizuri kabisa, kwa njia waliyoichapisha Cushman na Cheung mwaka 1971. Ni njia ya zamani, lakini hadi leo ndiyo tungempa mtu anayeanza, kwa sababu kila hatua yake unaiona kwa macho na kila kosa lina alama yake.

Kwa nini ACE na si angiotensini yenyewe

Angiotensini II katika damu inayozunguka hukatwakatwa kabla ya dakika moja kwisha. Ndani ya tishu hukaa muda zaidi, hasa ikishanaswa na vipokezi, lakini mnyama akishachinjwa vimeng'enya huendelea kuitengeneza na kuiharibu kwa wakati mmoja. Tishu iliyokaa robo saa juu ya meza ya mchinjaji haina tena jibu kuhusu angiotensini; ukipima utapata namba, lakini namba hiyo itahusu hiyo robo saa. Anayetaka kupima angiotensini, ambayo ni peptidi, lazima agandishe tishu kwenye naitrojeni ya maji (naitrojeni iliyopozwa hadi kuwa kimiminika) ndani ya sekunde chache, aisage ndani ya asidi, kisha atenganishe peptidi kabla ya kupima. Na akitumia ng'ombe ajue kwamba angiotensini ya ng'ombe ina valini katika nafasi ya 5 ambapo ya binadamu na ya panya ina isolusini. Seti ya vitendanishi vya kupimia iliyotengenezwa kwa ajili ya binadamu inaweza kuisoma vibaya.

ACE haina haraka hiyo. Ni protini kubwa, ngumu, inayovumilia saa kadhaa kwenye barafu na wiki kadhaa kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, mradi usiigandishe na kuiyeyusha mara kwa mara. Ndiyo maana inafaa kwa sampuli za machinjioni.

Kuna tahadhari moja ya kubeba tangu mwanzo hadi kuandika ripoti: kukuta kijenzi cha mfumo ndani ya tishu si ushahidi kwamba tishu ndiyo iliyokitengeneza. Renini ndiyo mfano mzuri. Inapatikana ndani ya moyo, lakini nguruwe na panya waliotolewa figo zote mbili hupoteza karibu renini yote ya moyoni. Maana yake moyo huinyonya kutoka kwenye damu. Angiotensini II ya moyoni nyingi hutengenezwa palepale moyoni, lakini kwa renini iliyosafiri kutoka figoni. Kwa hiyo neno "ndani" lina maana mbili, mahali pa kutengenezwa na mahali pa kufanya kazi, na kipimo cha ACE kinajibu la pili tu.

Machinjioni

Nenda na barua ya idara yako na uzungumze kwanza na daktari wa mifugo anayekagua nyama. Kwa panya wa maabara utahitaji idhini ya kamati ya maadili na ya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kwa viungo vya mnyama aliyechinjwa kwa ajili ya chakula mambo ni mepesi, lakini bado uliza kamati ya chuo chako kabla, wala usingoje ulizwe. Vaa glavu, miwani na buti. Mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa uliotokea Kabale mwaka 2016 uligusa watu wa machinjioni, na brusela ipo kwenye mifugo yetu, kwa hiyo mji wa mimba, kondo na viwele tunashauri uviache kabisa hata kama mada yako inavutwa huko.

Chukua mbuzi, si ng'ombe, kwa mara ya kwanza. Moyo wake unakaa kwenye kiganja na unaweza kuusafisha mwenyewe. Beba maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yaliyopoa, lita 2 kwa mnyama mmoja, sindano kubwa ya mililita 50, mifuko ya plastiki, kalamu isiyofutika na chombo cha barafu. Kusanya kwanza damu inayotiririka: mililita 5 kwenye neli ya kofia nyekundu isiyo na dawa. Usitumie ile ya kofia ya zambarau. Ndani yake kuna EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, na EDTA huibeba zinki iliyo kwenye kiini cha ACE; kimeng'enya kinabaki, kazi yake inakufa. Tumeona watu wakitangaza kwamba seramu ya mbuzi haina ACE, kumbe ni neli tu.

Moyo ukitoka, ingiza ncha ya sindano kwenye kisiki cha aota, ufunge kwa uzi, usukume maji ya chumvi polepole. Yatapita kwenye mishipa ya moyo yenyewe na utaona nyama ikibadilika kutoka nyekundu iliyoiva kwenda rangi ya waridi iliyofifia. Endelea mpaka yanayotoka yawe meupe. Kwa mbuzi mara nyingi ni mililita 300 hadi 500. Kata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi kutoka ventrikali ya kushoto na, kando, kutoka atiria ya kulia. Usivichanganye, maana atiria huwa na ACE nyingi kuliko ventrikali. Chukua ncha ya pafu mbali na mirija mikubwa ya hewa. Kwa mafuta, chukua yale yanayozunguka figo, lakini angalia sana. Kipande kidogo cha figo au tezi ya juu ya figo kikiingia kwenye mafuta, utakuwa umepima hicho na si mafuta. Chukua pia sentimita 4 za aota.

Naitrojeni ya maji si lazima kwa kazi hii, ingawa wahimilishaji wa ng'ombe huwa nayo na wengi watakujazia chupa. Barafu inatosha ikiwa utafika maabara ndani ya saa 3 au 4.

Vitendanishi

Bafa ya kipimo, mililita 100: gramu 2.91 za dipotasiamu hidrojeni fosfeti isiyo na maji ya fuwele na gramu 2.92 za chumvi ya kawaida safi, katika maji yaliyochujwa kwa mvuke. Rekebisha pH iwe 8.3 kwa matone ya asidi hidrokloriki, ndipo ujazie hadi alama. Chumvi si ya kupamba. ACE huhitaji kloridi ili ifanye kazi, na ukisahau gramu hizo 2.92 kipimo kitalala karibu na sifuri huku kila kitu kingine kikionekana sawa.

Chakula cha kimeng'enya ni hipurili-histidili-lusini, tuiite HHL. ACE huikata ikatoa asidi hipuriki, na hiyo ndiyo tutakayoipima. Yeyusha miligramu 35.8 kwenye mililita 10 za bafa hiyo. Soma lebo kwanza: baadhi ya chupa zina HHL yenye maji ya fuwele, na hapo uzito lazima upandishwe kwa uwiano. Ni kitendanishi cha bei. Tengeneza cha siku hiyo tu au gandisha mililita mojamoja.

Kizuizi cha ACE ni kaptoprili, dawa ya shinikizo la damu. Kidonge cha miligramu 25 cha duka la dawa kinatosha: kisage, kitie kwenye mililita 11.5 za maji, tikisa dakika 10, zungusha kwenye sentrifuji na utupe unga mweupe ulioketi chini. Una mmumunyo wa takriban mM 10 (milimola 10 kwa lita). Uzimue mara 200 upate mikromola 50. Tengeneza asubuhi, tumia siku hiyo hiyo, kwa sababu kaptoprili ikiwa kwenye maji huungana yenyewe kwa yenyewe na kupoteza nguvu. Usibadilishe kwa enalaprili. Hiyo humezwa ikiwa bado usingizini na ini ndilo linaloiamsha. Ndani ya neli itakaa bure.

Bafa ya kusagia ni ile ile ya kipimo iliyozimuliwa, sehemu 3 za bafa kwa sehemu 2 za maji, ikiongezwa Triton X-100 kwa asilimia 0.5. Triton ni sabuni, nayo ndiyo inayoing'oa ACE kutoka kwenye utando. Bila sabuni, ACE nyingi itaketi chini pamoja na uchafu na utaimwaga.

Kusaga

Pima miligramu 100 za pafu, moyo au aota kwa mililita 1 ya bafa ya kusagia. Mafuta yapime miligramu 300 kwa mililita 1, kwani protini yake ni haba. Katakata kwa mkasi juu ya barafu, kisha saga kwa kisagio cha kioo mizunguko 20 hadi 30, ukipumzika ili kisipate moto. Povu likijaa umekimbiza sana. Acha kwenye barafu dakika 30, zungusha kwa g 10,000 kwa dakika 15 kwenye baridi. Neli ya mafuta itatoka na tabaka tatu: kofia ya mafuta meupe juu, maji katikati, tope chini. Toboa kofia kwa ncha ya pipeti, futa ncha hiyo, badilisha, ndipo uvute maji ya katikati. Ukivuta na mafuta, baadaye yataingia kwenye ethili aseteti na kusoma kama kitu usichokijua.

Pima protini kwa njia ya BCA, si Bradford; Triton huchafua rangi ya Bradford. Zimua dondoo la pafu mara 20 kabla ya kulipima. La moyo na mafuta litumike lilivyo.

Kipimo chenyewe

Kila sampuli ina neli nne: mbili za kawaida, moja ya kaptoprili, moja ya sifuri. Weka maikrolita 50 za dondoo, na maikrolita 50 za maji. Kwenye ile ya kaptoprili weka mmumunyo wa kaptoprili mahali pa maji. Neli ya sifuri iongezwe sasa hivi maikrolita 250 za asidi hidrokloriki ya 1 M. Pasha neli zote dakika 5 kwenye nyuzi 37, kisha anza kwa maikrolita 150 za HHL, ukipishanisha sekunde 20 kati ya neli na neli. Baada ya dakika 30 kamili simamisha kwa maikrolita 250 za asidi ile ile, kwa mpangilio ule ule na kwa kupishana kule kule.

Umeme ukikatika katikati ya nusu saa hiyo, usiondoe neli. Beseni lililofunikwa hushika joto muda wa kutosha. Penye mgao wa mara kwa mara, chupa ya chai yenye mdomo mpana iliyojazwa maji ya nyuzi 37.5 hufanya kazi hii vizuri, ikiwa na kipimajoto ndani.

Ongeza mililita 1.5 za ethili aseteti, tikisa kwa nguvu sekunde 30, zungusha kwa g 1,000 kwa dakika 10. Asidi hipuriki, ambayo ACE imeikata kutoka kwenye HHL, hupanda kwenye tabaka la juu, na HHL yenyewe hubaki chini. Vuta mililita 1.0 tu ya juu. Shika neli usawa wa macho, shusha ncha ya pipeti milimita chache chini ya uso wa kimiminika na uifuate inavyoshuka. Ukigusa mstari wa mpaka, anza neli nyingine. Kausha ndani ya chemba inayofyonza mvuke, kwenye kipashio kavu cha nyuzi 120 kwa dakika 30, mbali na mwako wowote. Yeyusha kilichobaki kwa mililita 1.0 ya maji na usome kwenye nanomita 228.

Kuvete lazima iwe ya kwatsi. Plastiki na kioo cha kawaida havipitishi mwanga huo, na mashine itakupa namba kubwa zisizotofautiana.

Siku hiyo hiyo endesha vipimo vya asidi hipuriki: nanomoli 0, 25, 50 na 100, kila moja ikiwa na maikrolita 150 za HHL na maji ya kufikisha maikrolita 250, kisha asidi, kisha ethili aseteti. Nanomoli 100 zikitoka zote zingesoma karibu 0.65 juu ya sifuri. Ukipata 0.59, umevuna asilimia 90, na hiyo ndiyo utakayosahihishia.

Hesabu

Asidi hipuriki ya mM 1 husoma 9.8 kwenye kuvete ya sentimita 1. Tuseme wastani wa neli za kawaida ni 0.462 na neli ya kaptoprili ni 0.070. Tofauti ni 0.392, gawa kwa 9.8 upate mM 0.040, yaani nanomoli 40 kwenye mililita uliyoikausha. Zidisha kwa 1.5 kwa sababu ulivuta mililita 1 kati ya 1.5: nanomoli 60. Gawa kwa 0.90: 66.7. Gawa kwa dakika 30: 2.22 kwa dakika. Ikiwa maikrolita 50 za dondoo zilikuwa na miligramu 0.2 za protini, jibu ni nanomoli 11.1 kwa dakika kwa miligramu. Dondoo lililozimuliwa lina protini iliyozimuliwa pia. Hapo ndipo wengi huzidisha mara 20 na kusahau kuzidisha upande wa pili.

Tofauti ikizidi 0.8, zimua na urudie. Hapo kimeng'enya kimeshakula zaidi kidogo ya asilimia 10 ya HHL, na mwendo wake unaanza kupungua. Jaribu dondoo moja kwa dakika 15, 30 na 60: namba zisipopanda kwa uwiano, punguza dondoo.

Namba zikikataa

Neli zote zikisoma juu, hata za sifuri, nusa. Ethili aseteti yenyewe hunyonya mwanga wa 228, na tone moja lisilokauka linatosha kuharibu. Rudisha neli kwenye kipashio.

Neli ya kaptoprili ikiwa juu sana kuliko ya sifuri, kuna kitu kingine kinachokata HHL, au kaptoprili yako imechacha. Jaribu kwa seramu: kaptoprili nzima inapaswa kuizima karibu kabisa. Ikizima seramu na isizime tishu, una kimeng'enya kingine, na tofauti kati ya neli ndiyo ACE yako. Usiandike namba ya neli ya kawaida peke yake. Dondoo lililochemshwa dakika 10 huthibitisha kwamba ni kimeng'enya. Kampala maji huchemka karibu nyuzi 96, na hiyo yatosha. Kaimasi usiitafute hapa. HHL si kipimo chake.

Damu iliyobaki ndani ya tishu ndiyo pingamizi la kwanza utakalopewa. Kupima hemoglobini hakusaidii kwenye moyo, kwa kuwa misuli ya moyo ina mioglobini inayosoma karibu mahali pale pale na itakufanya udhani damu ni nyingi kuliko ilivyo. Fanya hivi: pima ACE ya seramu ya mbuzi yule yule. Jaalia kwa ukali kwamba asilimia 10 ya uzito wa tishu ni damu, kisha kokotoa ACE ambayo seramu ya damu hiyo ingeleta. Kwa pafu itakuwa sehemu ndogo sana. Kwa mafuta inaweza kuwa kubwa, na hapo una kazi ya kurudia ukiwa umesafisha zaidi.

Aota inatoa jaribio zuri la darasani. Ipasue kwa urefu, igawe mara mbili, na upande mmoja upanguse ndani kwa pamba iliyoloa, mara 10, bila kukwaruza. Upande huo utapungua ACE waziwazi, kwa kuwa umeondoa ule utando wa seli za ndani. Haitaisha, maana mishipa midogo inayolisha ukuta wa aota nayo ina utando wake.

Ukitaka kwenda mbali zaidi

Kupima vipokezi vya AT1, vinavyopokea angiotensini II, kwa kingamwili tunakushauri usianze. Tafiti za mwaka 2012 na 2013 zilionyesha kingamwili kadhaa za dukani zikitoa mstari ule ule kwenye tishu za panya wasio na kipokezi hicho kabisa. Kupima RNA ya angiotensinojeni na ya ACE ni njia salama zaidi, na neli isiyo na kimeng'enya cha kunakili ni ya lazima.

Renini ya plasma nayo ina mtego unaokwenda kinyume na mazoea yote ya maabara. Prorenini, umbo lisilofanya kazi ambalo viungo kama ovari, mji wa mimba na jicho hulitoa, huamka lenyewe kwenye baridi ya nyuzi 0 hadi 4. Damu ya renini usiiweke kwenye barafu: iache kwenye joto la chumba, itenganishe haraka, kisha gandisha plasma mara moja. Hapa, tofauti na ACE, neli ya kofia ya zambarau ndiyo sahihi, kwa hiyo andika lebo za neli zote mbili kabla ya kutoka maabara.

Kwenye ripoti andika "shughuli ya ACE inayozuiliwa na kaptoprili", kwa kila tishu, pamoja na namba ya seramu ya mnyama yule yule.